Kambi ya Julai, mashindano ya Septemba au mechi ya kujipima nguvu: wapi umwone chipukizi wa hoki?

“Kambi tena?” Mama Furaha aliuacha mwiko ndani ya sufuria ya sombe, yaani kisamvu. “Baba Issa, mimi nilikaa Nyarugusu miaka kumi na moja. Unamupeleka mutoto yangu kambi gani tena?”

Ikabidi nieleze. Hii si kambi ya wakimbizi kama ile ya Nyarugusu, Tanzania. Ni kambi ya mazoezi, ya wacheza hoki ya barafuni, hapa hapa katikati ya mji wa Buffalo, Marekani, na mwanawe Amani hajanipa nafasi ya kupumua tangu msimu uishe. Amani ana miaka kumi na mmoja na jezi ya Rasmus Dahlin, beki wa timu ya mji wetu, namba 26, anayoivaa mpaka kanisani. Mama alikubali kwa shingo upande: siku moja tu, na arudi kabla ya magharibi.

Siku moja. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuuma, maana timu za NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, huwatoa vijana wao hadharani mara tatu kabla ya msimu kuanza. Kuna kambi ya vijana mwanzoni mwa Julai. Kuna mashindano ya vijana kwa vijana mwezi Septemba. Halafu inafuata kambi kuu pamoja na mechi za kujipima nguvu, ambako vijana huchanganywa na wakubwa. Nimehudhuria zote, nyingine kwa hasara, na Waswahili wenzangu wa huku huniuliza kila mwaka waende ipi. Haya ndiyo majibu yangu.

Kwanza mgeni aelewe kwa nini mji huu unawajali watoto ambao hawajacheza hata mechi moja ya ligi kuu. Timu yetu, Buffalo Sabres, iliingia hatua ya mtoano mwaka 2011, kisha ikakaa nje misimu 14 mfululizo mpaka 2025. Ni rekodi ya ligi nzima, na si ya kujivunia. Lakini timu dhaifu ndiyo hupata nafasi za mbele kwenye drafti, yaani siku mbili za mwezi Juni ambapo timu 32 huchagua vijana 224 kwa mizunguko saba. Hivyo kila mwaka mashabiki wa hapa walipata mtoto mpya wa kumtegemea kabla hata hawajamaliza kununa. Dahlin, Mswidi, alichaguliwa wa kwanza kabisa 2018. Owen Power, Mkanada, alichaguliwa wa kwanza kabisa 2021. Muuza kahawa wa mtaani kwetu anaweza kukutajia majina ya vijana sita walio Finland na Kanada ambao hajawahi kuwaona kwa macho.

Nakuanzia na Julai, kwa sababu ndiyo rahisi.

Kambi ya Julai huanza siku chache tu baada ya drafti. Wanaokuja ni waliochaguliwa mwaka huo, waliochaguliwa miaka miwili mitatu nyuma, na wachache walioalikwa bila kuchaguliwa na mtu. Milango kwa kawaida huwa wazi na hulipi kitu. Mazoezi yenyewe ni ya ufundi: kuzunguka vizuizi, kupiga mashuti, kocha wa kuteleza akiwasahihisha magoti. Mara nyingi siku ya mwisho huwekwa mchezo wa watatu kwa watatu, na huo watoto huufurahia sana kwa sababu mabao ni mengi na hakuna anayegongwa.

Ila humpimi mtu pale. Wengi wao hawajakanyaga barafu kwa wiki kadhaa. Wametoka kwenye drafti na suti zao na shangazi zao. Nimewahi kumwona kijana wa raundi ya kwanza akianguka mwenyewe, bila kuguswa, na watu waliokuwa nyuma yangu wakaanza kunong'ona kama wamesikia habari ya msiba. Upuuzi. Ukitoka Julai na maoni makali juu ya mchezaji yeyote, umejidanganya.

Kinachopatikana Julai ni ukaribu. Mwaka jana Amani alimpa kofia kijana mmoja atie saini, na yule kijana akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, kama anajaza fomu ya shule, akauliza na Amani linaandikwaje. Saini ya mkongwe ni mstari wenye kona mbili. Hii ilisomeka. Kofia imetundikwa juu ya kitanda mpaka leo, na mwenye saini alikuwa mmoja wa wale walioalikwa tu. Huenda hatutamsikia tena.

Sasa Septemba. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapopapenda.

Sabres huandaa mashindano yao katika LECOM Harborcenter, jengo lililofunguliwa 2014 ubavuni mwa uwanja mkubwa, na lina viti kama 1,800. Vijana wa timu za jirani, kama Boston, New Jersey na Pittsburgh, ndio wamekuwa wakija. Ni mechi kamili: vipindi vitatu vya dakika ishirini, waamuzi, kugongana, na mara nyingine ngumi, kwa sababu kijana ambaye hana mkataba anajua ana siku tatu tu za kukumbukwa na mtu. Tiketi haizidi sana bei ya chakula cha mchana. Ukikaa safu ya tatu unasikia visu vya viatu vikikata barafu, unamsikia kipa akimpigia kelele beki wake, na ile paki, kisahani cheusi cha mpira mgumu, ikigonga ukuta wa plastiki mbele ya uso wako inakufanya ufumbe macho hata kama ni mara ya mia.

Wasiwasi wa watu kuhusu mashindano haya una ukweli ndani yake: si kila anayeng'ara pale ni mzuri. Uwanjani yupo mtoto wa miaka kumi na minane aliyemaliza shule juzi, na yupo jamaa wa miaka ishirini na mbili mwenye ndevu, ambaye ameshacheza misimu miwili na watu wazima katika AHL, ligi iliyo ngazi moja chini ya NHL. Huyu mwenye ndevu akifunga mabao mawili, usimpigie vigelegele. Angekosa, hapo ndipo pangekuwa na habari. Kwa hiyo kabla ya mechi mimi huchukua orodha ya majina na kuandika umri pembeni ya kila jina kwa penseli. Dakika kumi za kazi hiyo zinakusaidia kuliko kutazama ubao wa mabao usiku kucha.

Halafu mtazame asiye na paki. Nimemfundisha Amani jambo moja tu kuhusu mabeki. Paki ikitupwa nyuma yao, beki lazima aikimbilie akiwa amegeuza mgongo kwa adui. Mzuri hugeuza shingo mara moja, mara mbili, kabla hajafika, ili ajue nani anamfuata na wapi atapasia. Asiyejua huinamisha kichwa na kusikia tu mshindo. Amani sasa huhesabu shingo. “Mara mbili, Baba Issa! Huyu amegeuka mara mbili!” Wazee wa safu ya mbele huwa wanamgeukia yeye.

Ukiweza kuchagua siku, chagua ya mwisho. Siku ya kwanza kila mtu ana miguu mipya. Kufikia mechi ya tatu ndani ya siku nne, wavivu wanaanza kuteleza kwa mikunjo mipana badala ya kusimama na kugeuka, na unaona nani anarudi kukaba hata akiwa amechoka.

Kambi kuu yenyewe, ile inayofuata siku chache baadaye, sikushauri kama shida yako ni chipukizi. Wanakuja watu hamsini na zaidi, wanagawanywa makundi, wanafanya mazoezi ya kasi yasiyoeleweka kwa aliyeketi jukwaani. Vijana utawatambua kwa namba kubwa za mgongoni, sitini na kitu, themanini na kitu, namba ambazo wenyewe hawakuzichagua. Kikosi cha kuanza msimu hakizidi wachezaji 23, na nafasi nyingi kati ya hizo zina wenyewe tangu zamani. Vijana ishirini wanagombea viti viwili, labda vitatu.

Na hapo kuna jambo mashabiki wapya hulalamikia kila mwaka bila kulijua. Kijana bora anaweza kushushwa AHL huku mkongwe wa kawaida akibaki, na kocha asiwe mjinga. Mkongwe akishushwa AHL, jina lake hutangazwa kwanza kwa saa 24, na timu yoyote kati ya zile nyingine 31 inaweza kumchukua bure. Kijana mwenye mkataba mpya bado hajafikia sharti hilo: anashushwa leo, anarudishwa keshokutwa, hakuna anayemgusa. Kwa hiyo timu ikiwa na mashaka, humtuma yule asiyepotea. Usilie, mara nyingi anaitwa kabla ya Krismasi.

Mechi za kujipima nguvu ni habari nyingine, nazo ndizo zilizonila pesa. Mwaka wa kwanza nilinunua tiketi nne za mechi moja kwa mlanguzi wa mtandaoni, kwa bei ya mechi ya kweli, nikawapeleka watoto kuona nyota. Nyota mmoja alikuwepo, amekaa juu kabisa na suti, anakula bisi. Kanuni inataka kila timu ivalishe angalau wakongwe wanane, na timu hutimiza wanane hao kwa hesabu ya bakhili. Waliobaki ni vijana na watu wa majaribio. Issa wangu aliuliza mpaka kipindi cha tatu nahodha anaingia lini. Kwa anayefuata nyota ilikuwa hasara tupu; aliyekuja kwa ajili ya chipukizi angeshukuru, ila asilipe bei ile.

Pamoja na hayo, hapa ndipo kijana hupimwa kweli. Chukua Zach Benson. Juni 2023 Sabres walimchagua wa 13. Mwembamba, si mrefu, umri miaka 18. Tulidhani atarudi Kanada kwenye ligi ya vijana akakomae. Mashindano ya vijana hayangeweza kumpa kazi. Aliipata kwenye kambi kuu na mechi za kujipima, akiwanyang'anya paki watu waliomzidi kilo kumi na tano. Oktoba ilipofika alikuwa kikosini, na msimu huo alicheza mechi 71, akafunga mabao 11 na kufikisha pointi 30. (Pointi ni mabao yako ukijumlisha na pasi ulizotoa zikawa mabao.) Jambo lililomsukuma ni kwamba hakuwa na njia ya katikati: kwa kanuni ya wakati ule, kijana aliyechukuliwa kutoka ligi za vijana za Kanada hangeweza kucheza msimu wa AHL kabla ya umri wake kuruhusu. Ama abaki juu, ama arudi alikotoka. Mfini Konsta Helenius, aliyechaguliwa wa 14 mwaka uliofuata, hakubanwa na sheria hiyo, akacheza msimu wake wa kwanza huku Rochester, timu ya Sabres ya AHL, na watu wazima akiwa na miaka 18. Usimpime mmoja kwa mwendo wa mwingine. Hata Dahlin na Power, wote namba moja, walipita njia mbili: Dahlin aliingia moja kwa moja akacheza mechi zote 82 na kupata pointi 44, Power alirudi Chuo Kikuu cha Michigan mwaka mzima, akaja Aprili 2022.

Hata kubaki kikosini msimu ukianza bado si mwisho wa mtihani. Kijana wa miaka 18 au 19 mwenye mkataba wa kwanza anaweza kuchezeshwa mpaka mechi tisa kabla mwaka wa kwanza wa mkataba kuanza kuhesabiwa. Akicheza ya kumi, saa imeanza. Kwa hiyo kama mfuko wako unaruhusu mechi moja tu ya ligi, ya sita mpaka ya tisa ndiyo tamu. Kijana anajua, kocha anajua, na uwanja mzima unajua.

Kuna badiliko ambalo lazima uliweke kwenye mizani. Kwa makubaliano mapya kati ya ligi na wachezaji, kuanzia msimu wa 2026–27 kila timu inacheza mechi 84 badala ya 82, na mechi za kujipima zinapungua hadi nne. Zamani zilikuwa sita mpaka nane. Fikiria maana yake kwa kijana: nafasi za kuwaonyesha wakubwa kwamba unaweza zimekatwa karibu nusu, na wakongwe nao wanahitaji dakika za kunyoosha miguu ndani ya hizo nne. Kina Benson watakuwa wachache. Makocha watategemea zaidi walichokiona kwenye mashindano ya Septemba, na ndiyo maana mashindano ya vijana, yaliyokuwa ya mashabiki vichaa kama mimi, naona yatazidi kuwa na uzito.

Basi nikuchagulie.

Una mtoto chini ya miaka minane, au mgeni ambaye hajawahi kuona barafu zaidi ya ile ya friji: nenda Julai. Ni bure, anaweza kukimbia ngazini, ukichoka mnatoka. Kituo cha treni ya mjini kiko jirani, na kwenye sehemu ya katikati ya mji treni hiyo hailipiwi. Usisahau sweta. Nje ni joto la Mombasa, ndani ni Njombe ya Juni.

Unataka kuujua mchezo, au una mtoto kama Amani anayeuliza maswali: Septemba, siku ya mwisho, safu ya tatu mpaka ya tano, upande wa lango ambalo timu yako inalinda mara mbili, yaani kipindi cha kwanza na cha tatu. Hakuna siku nyingine ya mwaka utakayoona hoki karibu hivyo kwa pesa hiyo.

Unataka ukumbi wenyewe, viti 19,000 na taa na kelele: mechi ya kujipima, lakini subiri. Ya kwanza ni ya watoto na ya mwisho ni ya wakubwa. Iliyo katikati ndiyo yenye mchanganyiko. Usinunue mapema. Bei hushuka alasiri ya siku yenyewe, wenye tiketi za msimu wakishachoka kuzitangaza.

Na kama una gari na jioni moja ya Novemba, sahau yote hayo uende Rochester, mwendo wa saa moja na robo hivi. Rochester Americans ipo tangu 1956, na vijana wa Sabres wanapikwa humo. Hakuna anayekupanga kwenye foleni, hakuna mbwembwe za moto, na chipukizi anacheza dakika ishirini badala ya nane.

Kwa ndugu walioko nyumbani, Nairobi au Dar, hesabu ni nyepesi. Septemba tumepishana saa saba. Mechi ya Buffalo ya saa moja jioni kwenu ni saa nane usiku, hiyo iacheni. Ya mchana wa saa sita kwenu ni saa moja jioni, mnaiona na chai. Timu nyingi hurusha mechi za vijana kwenye tovuti zao. Na msidhani ni mchezo wa watu wengine tu: kwenye kile kiwanja kidogo cha barafu cha hoteli ya Panari, Nairobi, ilizaliwa timu ya Kenya Ice Lions, ambao 2018 walialikwa Kanada na kucheza upande mmoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Kwa miaka hawakuwa na wa kucheza naye, wakawa wanajigawa wenyewe kwa wenyewe.

Mimi na Amani tumeshaamua: Septemba, siku ya mwisho. Penseli ninayo. Kilichobadilika ni kwamba Mama Furaha naye anakuja, anasema anataka kuiona hiyo kambi isiyo na foleni ya maji. Ameuliza kama sombe inaruhusiwa kuingia uwanjani. Nimemwambia tule kwanza nyumbani.